Mjane wa Tartu na kitukuu wa Mwafrika

Shikamooni wazee, vijana mambo. Hapo nyuma mnanisikia? Haya, maiki hii ina kigugumizi kwa hiyo ikikata nitapaza sauti, nyie mnijue tu.

Mwenyekiti amesema nizungumzie mshairi na mfasiri wa nje ambaye huku hatumjui, na nimemchagua mama mmoja wa Estonia anaitwa Betti Alver. Najua kuna watu hapa wameshaanza kujiuliza Estonia iko wapi, msione haya, mimi mwenyewe kabla sijaenda kusoma kule nilikuwa naichanganya na ile Latvia jirani yake. Iko juu kabisa ya ramani, pembeni mwa bahari ya Baltiki, Urusi upande mmoja na Finland ng'ambo ya maji. Nchi nzima ina watu milioni 1.3 na kitu, Ilala peke yake inawazidi. Na hao watu milioni moja na ushee wana lugha yao ambayo haina undugu na Kirusi wala Kijerumani, na wanaandika mashairi utafikiri wameambiwa kesho wino unaisha.

Mimi nilikaa Tartu miaka miwili. Tartu ni mji wa chuo, chuo chao kina tarehe ya 1632, na mto unaokatiza mjini unaitwa Emajõgi, ema ni mama, jõgi ni mto, yaani Mto Mama. Kiestonia changu ni cha kuombea maji, niseme ukweli mapema ili asije mtu akanipima hapa. Ila mashairi niliyasoma, polepole, na kamusi pajani, na ndo huyu mama akanikamata.

Jina lake kamili Elisabet, Betti ni la kufupisha. Kazaliwa 23 Novemba 1906 kwenye kamji kanaitwa Jõgeva, baba yake mfanyakazi wa reli. Nilienda Jõgeva siku moja mwezi wa pili, kwenye yale matreni yao ya rangi ya chungwa ambayo wenyewe wanayaita karoti. Nilishuka mimi na bibi mmoja mwenye mfuko wa viazi, basi, stesheni nzima watu wawili, theluji mpaka kwenye magoti, na treni ikaondoka zake. Nikasimama pale nikawaza, huyu mtoto alikua akisikia kitu hiki hiki, chuma kinapita, kinaacha kimya. Sasa sijui kama reli inamfundisha mtu mizani, lakini mimi mtu akiniambia inafundisha sitabisha.

Akaenda Tartu chuo kikuu kusoma lugha. 1927, ana miaka kama 20 hivi, akatoa riwaya, Tuulearmuke, yaani mpenzi wa upepo. Riwaya tuiache. Kilichomfanya awe Betti Alver ni kitabu cha mashairi cha 1936, Tolm ja tuli. Vumbi na Moto. Sikilizeni wenyewe: tolm, tuli, ule mgongano wa t na t na l na l. Ukisema vumbi na moto maana imefika salama lakini mlio umebaki forodhani. Hii shida tutarudi kwayo.

Miaka ile ya thelathini kulikuwa na kundi la vijana wa Tartu wanaandika, na 1938 profesa mmoja anaitwa Ants Oras, naye mfasiri mkubwa, akawakusanya washairi 8 kwenye kitabu kimoja akakiita Arbujad. Kamusi zitakwambia waaguzi au watabiri, mimi nasema neno letu lipo tayari, wapiga ramli. Wapiga ramli wa Tartu. Betti yumo, na mume wake Heiti Talvik yumo, walikuwa wameoana mwaka mmoja kabla. Yumo pia Uku Masing, mtu wa lugha nyingi kupita kiasi, ambaye wakati wa Wajerumani alimficha Myahudi na akaja kuheshimiwa kwa hilo. Huyo naye anataka mhadhara wake, msiniingize huko.

Na lile jina la wapiga ramli lilikuja kuwa baya kwa sababu ramli ilianguka kweli. 1940 Wasovieti wakaingia, 1941 Wajerumani wakaingia, 1944 Wasovieti wakarudi. Nchi ndogo ikiwa katikati ya mafahari wawili, nyasi mnazijua wenyewe. Watu makumi ya maelfu wakakimbia mwaka ule wa 44, wengi kwa mashua ndogo kuvuka Baltiki mpaka Sweden. Bernard Kangro wa lile kundi akakimbia. Marie Under, ambaye ndo alikuwa malkia wa ushairi wao, naye akakimbia, akaishi Sweden mpaka kufa kwake. Oras alishatangulia.

Betti na Heiti wakabaki.

1945 Heiti akakamatwa. Akapelekwa Siberia. 1947 akafia huko, ana miaka 42. Ana vitabu viwili tu vya mashairi alivyotoa akiwa hai, kimoja jina lake Homa, kingine Siku ya Hukumu, na ukiangalia miaka yake, 1934 na 1937, unaona kabisa mtu alikuwa anaumwa kabla ugonjwa haujafika.

Betti mwenyewe alikuwa na muswada wa pili wa mashairi tayari, Elupuu, Mti wa Uhai, ulikuwa utoke wakati wa vita, haukutoka. Halafu 1950 chama cha waandishi kikamfukuza. Vijana, msichukulie poa hili neno kufukuzwa chama. Kwenye ile sistimu chama ndo kila kitu, ukiwa nje huchapishwi, hulipwi, wenzako wanavuka barabara wasikusalimie. Mjane, mke wa adui wa taifa, mashairi yake yameitwa hayafai. Na yeye akanyamaza. Kwa miaka mingi hakuandika mashairi ya kwake, au kama aliandika alimwandikia nani sijui, hadharani hakuna kitu. Ukisoma wenzake wa wakati ule, kuna walioandika tungo za kumsifu Stalin ili maisha yaende, na mimi siwahukumu, sijawahi kulala na njaa ya aina hiyo. Yeye hakutunga.

Alichofanya ni kutafsiri.

Sasa hapa ndo nilipotaka tufike, kwa sababu humu ndani nusu yetu ni wafasiri na tunajuana tunavyodharauliwa. Mtu anakuletea kurasa 40 saa kumi jioni anasema nitazitaka kesho asubuhi, wewe si unabadilisha lugha tu. Mimi nimetafsiri mikataba ya nyumba, maelekezo ya mashine ya kufulia, hukumu za mahakama, hata siku moja sijaona jina langu chini. Kwa hiyo nilipoanza kumsoma Alver nilidhani hadithi yake ni ya mshairi aliyeshushwa cheo akawa mfasiri, yaani kanyang'anywa gari kapewa baiskeli. Nilikosea. Nilikosea vibaya.

Alitafsiri Gorky wa Urusi, alitafsiri Goethe wa Ujerumani, lakini kazi ya maisha ni moja, Yevgeny Onegin ya Pushkin, mshairi mkuu wa Warusi. Riwaya nzima kwa mashairi, zaidi ya mistari 5,000, Kiestonia chake kikatoka 1964. Na kuna werevu fulani humo, uwe ulikusudiwa au ulitokea tu: Pushkin alikuwa mtakatifu wa serikali, 1949 walifanya sherehe ya miaka 150 tangu azaliwe Urusi nzima mpaka vijijini. Nani atakukataza kutafsiri Pushkin? Ni kama mtu akwambie hapa acha kusoma Shaaban Robert. Mlango wa mashairi yako umefungwa kwa kufuli, lakini mlango wa Pushkin uko wazi na umepakwa rangi. Akaingilia huko na vina vyake vyote na mizani yake yote.

Hebu nionyeshe ugumu wa kazi yenyewe maana tukiongea juu juu haina utamu. Ubeti wa Onegin una mistari 14. Vina vyake: mstari wa kwanza na wa tatu vinafanana, wa pili na wa nne vinafanana. Halafu wa tano na wa sita, wa saba na wa nane, wawili wawili kama watoto wa shule. Halafu wa tisa unamsubiri wa kumi na mbili, na katikati yao wa kumi na wa kumi na moja wamekumbatiwa. Halafu mbili za mwisho zinafunga. Bado. Mizani nayo ina sheria, mistari mingine ni 9, mingine ni 8, na hauchagui unavyotaka, mpangilio ni ule ule: 9, 8, 9, 8, halafu 9, 9, 8, 8, halafu 9, 8, 8, 9, inafunga 8, 8. Ubeti baada ya ubeti, karibu mia nne. Sisi tukishika tarbia yetu ya nane kwa nane tunajiona mafundi, na ni mafundi kweli, lakini huyu alijenga nyumba hiyo akiwa amepewa matofali ya mtu mwingine na maana ya mtu mwingine, haruhusiwi hata kuhamisha dirisha.

Na Kiestonia kilikuwa kinamgomea. Mdundo wa Pushkin unaanza chini unapanda, ta-TÁ, ta-TÁ, ta-TÁ. Kiestonia maneno yake ya asili mkazo unapiga silabi ya kwanza, TÁR-tu, JÕ-geva, É-majõgi, yaani lugha nzima inaanzia juu inashuka. Kama wewe Mswahili unavyokazia silabi ya pili kutoka mwisho, ndo mwili ulivyozoea. Kwa hiyo kila mstari inabidi utafute kineno kifupi cha kuanzia, ja yaani na, ei yaani la, ta yaani yeye, ili mguu wa kwanza uwe mwepesi. Mara elfu tano.

Kuna sehemu lakini Kiestonia kilikuwa karibu na sisi kuliko na Kirusi. Kirusi ukisema "alipenda" lazima useme kama ni mwanamke au mwanamume, kitenzi chenyewe kinatoboa siri. Kiestonia hakijui mambo hayo, yeye ni ta, awe Tatyana awe Onegin, yaani binti na bwana wa kitabu chenyewe. Sawasawa na a- yetu. Ilinifurahisha sana hii, kule baridini kuna watu wanasema "alipenda" halafu unabaki kungoja ujue ni nani, kama bibi yako anavyosimulia.

Halafu ndani ya kitabu chenyewe kuna kituko. Tatyana, msichana wa shamba, anamwandikia Onegin barua ya mapenzi, barua maarufu kuliko zote Urusi, watoto wa shule wanaikariri. Sasa Pushkin anakwambia kabisa, jamani huyu binti Kirusi cha kuandika hakijui vizuri, barua aliandika kwa Kifaransa, mimi hapa nawapa tafsiri tu, tena dhaifu. Mnaona? Barua ambayo Warusi wanaililia ni tafsiri ya barua ambayo haipo! Na mama wa Tartu anakaa anatafsiri tafsiri ya kitu kisichokuwepo, na Waestonia nao wanaililia. Mtu akiniambia tena tafsiri ni kivuli cha maandishi nitamwomba anionyeshe mwili wa ile barua.

(Hapa maiki ilikata, fundi akaja.)

Tunaendelea. Nilisema kitukuu wa Mwafrika. Wengi mnajua Pushkin alikuwa na damu ya Afrika. Babu wa mama yake, Abram Gannibal, aliletwa Urusi akiwa mtoto, kupitia Uturuki, akalelewa na mfalme Petro Mkuu. Zamani walisema katoka Abisinia, siku hizi kuna watafiti wanasema Logone, karibu na Ziwa Chad, bado wanavutana. Ninachotaka mkijue ni hiki: huyo Gannibal alifundisha hesabu na uhandisi wa kijeshi Pärnu, Estonia, na kuanzia 1742 kwa miaka kumi hivi alikuwa kamanda wa Tallinn, mji mkuu wa Estonia, wakati huo ikiitwa Reval. Mwafrika ndo mkuu wa ngome ya Tallinn, karne ya 18! Na mwanawe Osip kazaliwa pale pale Reval, 1744, na huyo Osip ndo babu wa Pushkin mzaa mama. Kwa hiyo Betti alipokuwa anamtia Pushkin kwenye Kiestonia alikuwa anamrudisha kwenye mji wa babu yake. Mimi nikipita kwenye kuta za Tallinn na ngozi yangu hii, watu wakinitazama kama nimedondoka kutoka mwezini, nilikuwa nawaambia kimoyomoyo, tulishawahi kukaa hapa, tena tukishika funguo.

Na Pushkin mwenyewe hakusahau. Sura ya kwanza ya Onegin, ubeti wa 50, yuko uhamishoni kusini, anatembea ufukweni anasubiri upepo atoroke kwa meli, anauliza, je, saa ya uhuru wangu itafika? Anasema anataka awe chini ya anga la Afrika yake, aishushie pumzi Urusi yenye giza alikoteseka, alikopenda, alikouzika moyo wake. Sasa mfikirie yule mjane, dirisha liko Tartu, mume kazikwa Siberia, anaandika kwa mkono wake "je, saa ya uhuru wangu itafika" na mkaguzi hawezi kufuta, maana ni Pushkin.

Nusu saa imebaki eti? Dakika kumi. Haya.

Baada ya Stalin kufa mambo yakalegea kidogo kidogo. Akaolewa tena, 1956, na mtafiti wa fasihi Mart Lepik. Akarudishwa kwenye chama. Na miaka miwili baada ya Onegin, 1966, kikatoka Tähetund, na watu wakaona mashairi mapya, mzee wa miaka karibu 60 anaandika kama bomba lililozibuliwa. Ndo maana nasema nilikosea kuhusu baiskeli. Mtu hawezi kunyamaza miaka yote hiyo halafu arudi na mkono mwepesi hivyo, labda kama mkono haukulala. Miaka yote alikuwa kiwandani, anapiga vina elfu na elfu kwa jina la mwingine.

Hilo jina Tähetund lilinitesa wiki nzima. Tähe ni ya nyota, tund ni saa, Saa ya Nyota, imeisha. Lakini täht kwa Kiestonia ni nyota na pia ni herufi, zile a, be, che. Na tund ni saa na pia ni kipindi cha darasani. Kwa hiyo mtoto wa kule anaweza kusikia humo kipindi cha herufi. Nyota na herufi kwenye neno moja, mtafsiri afanye nini? Aombe radhi aendelee.

Na cha mwisho, 1986, Korallid Emajões. Emajõgi niliwaambia, ule mto, baridi inafika unaganda. Korallid ni… hapa nawauliza watu wa pwani. Matumbawe au marijani? Maana matumbawe ni yale mawe tunayojengea, na marijani ni ile nyekundu ya shingoni kwa bibi harusi. Kiestonia neno hilo linabeba yote. Matumbawe kwenye mto wa barafu ni muujiza wa bahari kupotea njia. Marijani kwenye mto ni mtu kadondosha mkufu. Ni mashairi mawili tofauti. Nimeacha marijani kwenye daftari langu, ila kila nikiifungua nabadilisha.

Alifariki Tartu 19 Juni 1989. Miezi miwili baadaye, 23 Agosti, watu kama milioni mbili wa Estonia, Latvia na Lithuania walishikana mikono kudai uhuru kutoka kwa Wasovieti, kutoka Tallinn mpaka Vilnius kule Lithuania, zaidi ya kilomita 600 za mikono. Hakuiona.

Nimalizie kwa aibu yangu. Ile sehemu ya anga la Afrika nimejaribu kuitia kwenye Kiswahili, mizani nane. Onegin yenyewe siiwezi, nimechukua mistari mitano tu, Mwalimu Nyerere alipotutolea Julius Caesar mwaka 1963 hakuhangaika na vina na alikuwa na akili zake. Mara ya kwanza niliandika "niilie Urusi", nikamsomea mke wangu, akaniuliza utaila Urusi yote peke yako? Nikafuta. Sasa iko hivi:

Anga la Afrika yangu,
chini yake niiwaze
Urusi yenye kiwingu,
niteswako, nipendako,
nizikako moyo wangu.

Mnaona kasoro. Mstari wa pili kina chake kimekaa peke yake kama mgeni asiyejulikana. Na wakati uliopita umekufa, Pushkin anasema aliteswa, mimi niteswako haina jana wala leo. Hiyo nimeikubali. Kina ndo kimenishinda. Maswali?

Ndiyo, mama, pale mbele. Mpeni maiki. Unatoka Tanga? Karibu.

Anasema, "Mwanangu, wewe unaliongelea hilo anga kama halipo. Liite. Sema niiwaze chini yako."

Ni-i-wa-ze-chi-ni-ya-ko. Nane. Yako, nipendako. Jamani. Nipeni kalamu.